Kufeli kwa Pindo

Mara ya pili Pindo alipofeli mtihani wa Kiingereza, familia nzima ilimhurumia. Baba yake alimpigia simu kumpa moyo, akamwambia kwamba hata yeye shuleni hesabu zilimkimbia na bado amelea watoto wakakua. Wifi yake alimletea vidonge vya kuongeza kumbukumbu, vya rangi ya chungwa, vya kumeza kila asubuhi kabla ya chai. Mama mkwe wake alimpakulia chakula, akamwongeza, kisha akakaa kumtazama akila.

Pindo alikula ameinamisha kichwa. Kule kwenye mtihani, mtahini alikuwa mwanamume mwenye miwani, mstaarabu, na alimuuliza swali la kawaida kabisa: wakati wa mapumziko unapenda kufanya nini? Jibu lilikuwa limekaa ulimini, limenyooka, lina kila kitu chake. Napenda kushona, ingawa siku hizi sipati nafasi. Hata ile "ingawa" iliyokuwa ikimsumbua zamani ilikuwa tayari inasubiri zamu yake. Pindo akalimeza jibu zima. Akatazama meza, akasema kwa Kiingereza, "Mapumziko mimi nzuri." Yule bwana alirudia swali polepole, kama anayemlisha mtoto uji. Pindo akamjibu, "Ndiyo, asante, Jumatatu."

Jina la Pindo alilipata kabla ya kuolewa, kwenye duka la ushonaji alikokuwa fundi. Gauni likitoka kwenye cherehani yake, pindo lake lilikuwa limenyooka utadhani limepigiwa rula. Likienda upande hata kidogo, alifumua akaanza upya, mteja akisubiri asubiri. Kwa mtu wa namna hiyo kusema "Jumatatu" mbele ya mgeni hakukuwa mzaha. Kulimuuma kama kushona ovyo kwa kupenda.

Lakini alikuwa na sababu, na sababu yenyewe ilikuwa mumewe.

Mume huyo mtaani alijulikana kama Mpole, na jina halikumsingizia. Hakuwa mtu wa kuinua mkono wala sauti. Alikuwa akifanya kazi nje ya nchi, kwenye ghala kubwa la mizigo, na alikuja likizo akatafutiwa mke. Baada ya harusi walikaa pamoja hadi likizo ilipoisha. Siku ya kwanza alipotoka kwenda kusalimia marafiki, Pindo alisikia ufunguo ukizunguka kwenye kitasa, upande wa nje. Alidhani ni usahaulifu. Mumewe aliporudi, Pindo akamcheka.

"Umenifungia, mwenzangu."

Mpole hakucheka. "Ndiyo. Nikiwa nje napenda kujua uko wapi."

"Kwani nitakwenda wapi?"

"Basi kama huna pa kwenda, mlango hautakusumbua."

Alisema hivyo huku akimmenyea chungwa. Kesho yake akafunga tena, na keshokutwa, mpaka siku ya safari yake. Kisha akamwacha Pindo kwa mama yake wasubiri viza. Kazi ya ushonaji ilikuwa imekwisha kwa sababu, alisema Mpole, mke wa mtu hawezi kushinda anapima viuno vya watu. Kila jioni alipiga simu ya video. Baada ya salamu alisema, "Zungusha," na Pindo alizungusha simu chumba kizima, pembe kwa pembe, hadi chini ya kitanda. Kisha Mpole alimweleza kuhusu nyumba inayomsubiri huko, ghorofa ya juu kabisa, mlango wake unajifunga wenyewe na kufunguka kwa namba anazozijua yeye peke yake.

"Huku utapumzika," alimwambia. "Sokoni nitakwenda mimi. Na hicho Kiingereza kisikuumize kichwa. Kikupitishe mtihani tu, maana huku hutakuwa na mtu wa kuongea naye."

Alitamka maneno hayo kwa mapenzi, kama anayeahidi zawadi.

Pindo alijaribu kumweleza baba yake. Alimwambia, baba, yule bwana hunifungia mlango. Baba yake alifikiri kidogo, akajibu kwamba mtu anayefunga mlango ana kitu cha thamani ndani. Mazungumzo yakaishia hapo. Basi ukabaki ukuta mmoja tu kati ya Pindo na ile ghorofa: ubalozi wa nchi ile ulidai kila mke anayemfuata mumewe awe amefaulu mtihani wa kuongea Kiingereza. Pindo akajificha nyuma ya ukuta huo.

Alipofeli mara ya kwanza, Mpole aliagiza apelekwe darasani kila siku, na mama yake amsindikize.

Darasa lilikuwa chumba kimoja juu ya duka la rangi. Harufu ya rangi ilipanda kwenye ngazi ikaingia mpaka kwenye vitabu. Mwalimu alikuwa mama mrefu aliyestaafu shule ya sekondari, mwenye kikohozi kisichoisha, na alifuta ubao kwa soksi kuukuu. Asubuhi alikuwa na wanafunzi wengi, ila mchana alibaki na Pindo peke yake. Mama Mkwe alikaa nyuma, karibu na mlango, kwenye kiti cha plastiki, na kikapu chake cha uzi. Alikuwa akifuma vitambaa vya makochi. Shule yake iliishia kwenye kuandika jina lake, na hakuwahi kudai zaidi.

Pindo aliingia darasani akiwa amejiapiza kutojifunza chochote. Tatizo ni kwamba Mwalimu alijua kufundisha. Sentensi aliifumua kama nguo, akaonyesha kiungo na kiungo, halafu akaiunga tena mbele ya macho yako. Pindo aliona mishono. Kabla hajajua, alikuwa akisonga ugali jikoni huku midomo ikicheza kimyakimya, anabadilisha leo kuwa jana na jana kuwa kesho. Kitu kingine kilimvuta. Katika lugha hii hakuwa mke wa mtu wala binti wa mtu. Maneno yake hayakuwa na shangazi wa kuyaonea haya. Mambo ambayo kwa lugha ya nyumbani yalikwama kooni, huku yalitoka.

Yalitoka siku ile Mwalimu alipokuwa akimfundisha kueleza matakwa. Aliandika ubaoni mwanzo wa sentensi, nataka na sitaki, akamwachia kazi ya kumalizia.

"Nataka chai," alisema Pindo kwa Kiingereza.

"Vizuri. Nyingine."

"Nataka cherehani yangu."

"Vizuri sana. Sasa njoo kwenye sitaki."

Pindo aligeuka kidogo. Mama Mkwe alikuwa ameinamia uzi wake. Akamgeukia Mwalimu, na kwa Kiingereza kilichonyooka kuliko siku zote akasema, "Sitaki kwenda kwa mume wangu."

"Safi," alisema Mwalimu, tayari anaelekea ubaoni. "Hebu tuipeleke wakati uliopita. Sikutaka kwen..."

Chaki ilisimama. Mwalimu alirudi mezani taratibu.

"Rudia."

"Sitaki kwenda kwa mume wangu. Nafeli makusudi. Ananifungia ndani."

Mwalimu alimtupia jicho yule mama wa mlangoni, kisha akatabasamu kwa nguvu, tabasamu la mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. "Tabasamu na wewe," alisema, bado kwa Kiingereza. "Nieleze kama unaeleza habari za hali ya hewa."

Pindo akamweleza yote, ufunguo, simu ya kuzungushwa, mlango wa namba, huku akitabasamu mpaka mashavu yakamchoka. Alipokosa neno, Mwalimu alimpa. Saa ya kuondoka ilipofika, Mama Mkwe alikunja uzi wake, akasema, "Leo ameongea sana, Mwalimu. Naona anaendelea."

"Anaendelea, mama," alisema Mwalimu, akajipangusa jasho kwa soksi ya ubaoni, chaki ikambaki kwenye paji la uso.

Kesho yake Mwalimu alionekana hakulala vizuri. Alifungua kitabu cha mtihani kwenye ukurasa wowote, akaweka kidole juu ya mstari, akaanza kuongea Kiingereza bila kuutazama.

"Wake wengi wamepita kwenye meza hii," alisema. "Wakifaulu niliwapa mkono, nikapiga nao picha. Hakuna hata mmoja niliyemuuliza kama anataka kwenda. Sasa wewe umeniweka pabaya. Nikikufundisha, nakusukumia kule. Nisipokufundisha, watakutoa hapa."

"Nifundishe," alisema Pindo. "Nifundishe kila kitu. Kufeli niachie mimi."

Ndivyo walivyofanya. Kitabu cha mtihani kilikaa wazi mezani kwa ajili ya macho ya watu, na juu yake Mwalimu alimfundisha Kiingereza kingine. Alimfundisha kumweleza daktari mahali panapouma. Alimfundisha kugonga kwa jirani na kuomba simu, kumwambia polisi jina lake na mtaa wake, kusoma tangazo la chumba cha kupanga. Siku nyingine walipiga soga tu. Mwalimu alimsimulia habari za mkaguzi wa shule aliyekaa juu ya kiti kilichopakwa rangi, akaondoka na alama ya mistari kwenye suruali hadi ofisini kwake. Pindo alicheka. Nyuma yao Mama Mkwe naye alitoa kicheko kifupi, akakigeuza kikohozi, akasema harufu ya rangi inamkaba.

Ile saa ya mchana ikawa saa pekee ambayo Pindo alijihisi yuko hai. Ila kila jioni kwenye simu alilazimika kuwa mzito. Mpole alimtupia maswali ya Kiingereza, naye aliyapokea kama mtu anayedakishwa samaki mbichi. Alijifunza kutoharakisha macho. Alijifunza kusahau maneno ambayo mchana wake alikuwa ameyatumia vizuri. Wakati mwingine baada ya simu alijiuliza kwa hofu kama kweli ameyasahau, na alijifungia bafuni kuyanong'ona moja moja.

Kisha Mpole akatangaza kwamba anakuja likizo.

"Mtihani wa tatu utaufanya nikiwepo," alisema. "Ukifaulu tunaondoka wote. Ukifeli, darasa liishe. Kuna njia nyingine za kupata viza, ndefu kidogo, lakini zipo. Na huko barabarani hutakuwa na sababu ya kupita tena."

Pindo aliyapima maneno hayo siku nzima na hakuona upenyo. Akifaulu, anakwenda ghorofani. Akifeli, anabaki ndani akingojea ghorofa hiyo hiyo, na Mwalimu hamwoni tena. Alipomweleza Mwalimu, mwanamke yule, aliyekuwa na jibu la kila swali la sarufi, alizungusha tu chaki vidoleni.

Mpole aliwasili na zawadi. Alimletea mama yake manukato, na Pindo alimletea viatu vya manyoya laini, vizuri kweli, vya kuvaa ndani. Ufunguo wa nyumba ulihamia kwenye mfuko wa shati lake siku hiyo hiyo. Alipotoka aliwafungia wote wawili, mke na mama, pengine bila hata kufikiri. Mama Mkwe aliposikia kitasa kikigeuka, alisimama katikati ya sebule akiutazama mlango kwa muda, kama mtu aliyekutana njiani na mtu aliyedhani amekwisha kufa.

Wiki ya mtihani, Mpole alitaka kuonana na Mwalimu. Walipanda ngazi za duka la rangi watatu. Mama Mkwe alienda moja kwa moja kwenye kiti chake cha plastiki. Mpole alivuta kiti akakaa kando ya Pindo, akamsalimia Mwalimu kwa heshima zote, shikamoo na habari za kazi. Halafu akabadilisha lugha.

"Tuongee hivi, hawa wasisumbuke," alisema kwa Kiingereza. Kilikuwa Kiingereza cha kazini, cha haraka. "Niambie ukweli, Mwalimu. Ni mjinga?"

"Si mjinga. Ni mwoga kidogo."

"Hata akiwa mjinga sina neno. Nilimchagua kwa hilo. Kulikuwa na binti mwingine, amesomasoma, nikamwacha. Rafiki yangu kule alileta mke anayejua lugha. Mwaka haukuisha mke ameshajua basi la kwenda kila mahali, na kituo cha polisi amekijua. Huyu wangu ni wa ndani. Mpe maneno ya kumvusha mtihani. Mengine usimpe."

Pindo alikuwa akitazama jalada la kitabu. Palichorwa familia inayocheka kwenye majani, baba, mama na watoto, na mbwa. Aliuacha uso wake ulegee, uso wa mtu anayesikiliza mvua.

"Na ukiwa kazini, atakaa na nani?" aliuliza Mwalimu.

"Mlango unafungwa. Hakuna mtu aliyekufa kwa kufungiwa mlango. Mama yangu alifungiwa miaka yote, na mwangalie alivyo. Ametulia. Hajui lolote, hataki lolote."

Aligeuka kumwonyesha kwa kidevu. Mwalimu naye akageuka. Mama Mkwe alikuwa ameacha kufuma. Mikono yake ilikuwa juu ya kikapu.

"Mimi hapa," alisema kwa Kiingereza. Sauti ilikuwa ndogo, na maneno aliyaweka moja moja, kama mtu anayekanyaga mawe kuvuka maji. "Mimi kusikia wewe."

Chini dukani mtu alikuwa akigonga kifuniko cha kopo. Mpole alimtazama mama yake, akarudi kwenye lugha ya nyumbani.

"Mama, umesema nini?"

"Nimesema nipo."

"Umejifunza lini wewe?"

"Kwenye kiti hiki ulichoniweka. Sikio halina pazia, mwanangu."

Mpole alicheka, kicheko kifupi chenye fahari ndani yake, mtoto anayegundua kwamba mama yake ana akili. Kisha kicheko kikakauka. Pindo aliona kinachofuata kabla hakijafika, kama unavyoona kikombe kikiwa tayari kimeacha ukingo wa meza. Kama mwanamke wa mlangoni mwenye uzi mikononi amepata lugha, yule wa mezani mwenye kitabu imekuwaje?

Mpole alimgeukia. Hakupandisha sauti. "Na wewe," aliuliza kwa Kiingereza, "umenisikia?"

Angeweza kusema Jumatatu. Neno lilikuwepo, limezoea njia. Pindo alimtazama usoni, jambo ambalo hakuwa akilifanya mara nyingi.

"Nimekusikia," alisema. "Neno kwa neno. Sitakwenda kuishi nawe kule."

Sentensi ilikuwa sahihi kuanzia mwanzo hadi mwisho, na Mwalimu, kwa mazoea ya miaka, alitikisa kichwa kuikubali kabla hajaweza kujizuia.

Mpole aliwasindikiza nyumbani. Alimbebea mama yake kikapu, akawasalimia majirani waliokaa vibarazani, akauliza hali ya mgonjwa wa nyumba ya tatu. Walipoingia ndani alimfungulia Pindo mlango wa chumba cha kulala kama anavyofunguliwa mgeni. Pindo akaingia. Ufunguo ukageuka nyuma yake, na akamsikia mumewe akipiga simu sebuleni, akimwomba baba mkwe wake afike kesho na wazee, kuna jambo. Kisha Mpole alitoka, na mlango wa nje nao ukafungwa.

Chumba kilikuwa na dirisha la nondo lililotazama ukuta wa jirani. Jua la mchana lilipiga ukuta ule na kurudi ndani kama joto la tanuri. Pindo alikaa ukingoni mwa kitanda. Baada ya muda alisikia mtu akijishusha sakafuni upande wa pili wa mlango, na magoti yakilalamika.

"Mwanangu, upo?"

"Nipo, mama." Alisogea akakaa sakafuni naye, mgongo kwenye mlango. "Ulikuwa unasikia yote? Tangu siku ile ya sitaki?"

"Siku ile sikuwa na maneno mengi. Nilijua sitaki, na nilijua mume. Yakanitosha."

"Mbona hukusema?"

"Ningemwambia nani? Yule ni mwanangu, nilimzaa mimi." Mama Mkwe alinyoosha miguu sakafuni. "Ulipokuwa ukiongea nilitamani unyamaze. Halafu ukinyamaza nilitamani uendelee. Kila siku nilikuja na uzi wangu nikaomba uendelee."

Pindo aliegemeza kichwa kwenye mbao za mlango.

"Baba yake alikuwa akiondoka na ufunguo," aliendelea yule mama. "Huyu mwanangu alipokuwa anatambaa, alijimwagia uji wa moto. Nikapiga mlango, nikapiga dirisha, nikaita mpaka sauti ikakatika. Majirani ndio waliovunja. Kovu analo begani mpaka leo. Lakini muulize. Atakwambia habari ya uji. Habari ya mlango haikumbuki."

"Nifungulie, mama."

"Ufunguo anao yeye. Hata mimi hapa nilipo nimefungiwa."

Walikaa hivyo, mmoja huku na mmoja kule, mpaka waliposikia hatua za Mpole nje.

Asubuhi wazee walifika. Alikuja baba yake Pindo, akaja mjomba wake, na kwa upande wa Mpole akaja wifi yake Pindo. Pindo alitolewa chumbani akaketishwa kwenye kigoda. Mpole alieleza mambo kwa ufupi na kwa adabu, bila kumsingizia mtu: mke alijua lugha siku zote, akajifanya hajui, akawapotezea watu wote muda na kuwahadaa.

"Mimi nikakuonea huruma," alisema baba yake Pindo. "Nikakupa na mfano wa hesabu zangu. Kumbe unatuchezea."

Mjomba alitikisa kichwa. "Sijawahi kuona. Mtu anahangaika kujifunza lugha ya watu ili apate ya kumkatalia mume. Si angemkatalia kwa hii hii yetu, ikawa rahisi?"

Wifi alicheka. Pindo akasema, "Kwa hii yetu nilisema, mjomba. Nilimwambia baba. Hamkusikia."

Kicheko kikaisha. Baba yake alijikuna shingo.

"Mimi nampenda mke wangu," alisema Mpole. "Simpigi, simtukani, halali njaa. Nioneshwe kosa langu. Ni kufunga mlango?"

Wazee walitazamana. Ilionekana wazi kwamba kufunga mlango, kwa jinsi kulivyowekwa mbele yao, hakukuwa kosa la kukalia kikao. Mjomba alianza kusema kwamba basi mtihani ufanywe, watu wasameheane, na hapo Mama Mkwe, aliyekuwa kando karibu na mlango wa jikoni, akasogeza kiti chake mbele.

"Jana mwanangu aliongea na Mwalimu kwa Kiingereza," alisema. "Ninyi hamkuwepo. Nitawatafsiria."

"Mama," alisema Mpole.

"Nitatafsiri polepole, nisikosee."

Akatafsiri. Alifumba macho ili asikilize upya, na alipopata neno alilitoa. Alisema habari za binti aliyesomasoma akaachwa. Alisema habari za rafiki, basi na kituo cha polisi. Alisema, "Huyu ni wa ndani." Alisema, "Nilimchagua kwa ujinga wake."

Baba yake Pindo aliinua kichwa. "Alisema hivyo?"

"Kiingereza cha mama ni cha kuokoteza," alisema Mpole. "Hajaelewa."

"Basi nisahihishe," alisema mama yake, macho yakiwa bado yamefumba. "Neno nililokosea lisahihishe mbele yao. Mkeo yupo, naye atasikiliza."

Mpole alifungua mdomo. Kwa mara ya kwanza tangu watu wamjue alionekana anatafuta maneno, na hayakuja katika lugha yoyote. Baba yake Pindo alinyanyuka akasimama dirishani, akiwapa mgongo.

"Binti yangu alikuwa akiwashonea watu magauni ya harusi," alisema. "Watu walitoka mbali kumfuata. Mjinga hawezi kushona gauni la harusi."

Haikuwa huruma iliyomsimamisha pale, na Pindo alijua. Ilikuwa hadhi. Angeweza kuvumilia binti afungiwe, ila hakuweza kuvumilia aitwe mjinga naye amekaa anasikiliza. Lakini Pindo hakuwa na nafasi ya kuchagua sababu. Alishika alichopewa.

Kikao hakikuvunja ndoa. Mjomba alitoa uamuzi kwamba safari isimame kwanza, mambo yapoe, na Pindo abaki kwa mama mkwe wake. Baba yake hakusema arudi nyumbani. Alisema nyumba imejaa, kaka yake ameoa, watazungumza baadaye. Mpole aliukubali uamuzi kwa adabu. Jioni alimwita Pindo sebuleni, akamwambia maneno machache tu.

"Talaka sitoi. Utakaa hapo hapo."

Siku ya kuondoka alichukua pasi ya kusafiria ya Pindo akaiweka kwenye begi lake. Ufunguo wa nyumba aliuacha juu ya meza, kwa mama yake, bila kumuaga.

Hivyo ndivyo Pindo alivyobaki, si mke wala mtalaka, katika nyumba ya mama wa mtu asiyezungumza naye. Mlango ulikuwa wazi sasa kutwa nzima. Majirani waliposikia habari walipunguza kupita. Alimwomba fundi wake wa zamani kazi, akaambiwa mahali pake pamechukuliwa, ila fundi akamwazima cherehani kuukuu, akawa akishona sare za shule sebuleni. Darasani waliendelea kwenda. Mama Mkwe alihamia mezani, akaanza kuandika. Mistari yake ilipanda mlima, na Mwalimu alimsahihisha bila huruma, kama mwanafunzi mwingine yeyote. Mtihani Pindo hakuufanya. Mwalimu alimwambia cheti kingemfaa kutafutia kazi ya mapokezi au ya kufundisha watoto. Pindo akamjibu kwamba akipata cheti, siku hiyo hiyo kuna watakaomwambia hana tena kisingizio cha kutomfuata mumewe. Mwalimu akakifunga kitabu cha mtihani.

Mpole alipiga simu Ijumaa kwa Ijumaa, kwa mama yake tu. Ijumaa moja Pindo alikuwa cherehanini, anapinda sketi za shule, simu ilipolia jikoni. Alimsikia mama mkwe wake akiitikia, akinyamaza, akisema neno moja tu. Yule mama akatoka akijipangusa mikono kwenye kanga.

"Anasemaje?" aliuliza Pindo.

"Ameuliza kama upo."

"Ukamjibuje?"

"Nimemwambia upo."

Pindo alikata uzi kwa meno. Sketi nyingine ilikuwa ikisubiri, na nyingine chini yake, rundo zima la rangi moja. Akavuta iliyokuwa juu, akageuza pindo lake ndani, akaanza kukanyaga cherehani.